Joto la oili ya giaboksi: namna ya kulipima na kulisoma kwenye gari lenye nguvu

Mawese yakisahaulika jikoni yanajisema yenyewe. Rangi inakimbia, moshi unapanda, jirani anabisha hodi kuuliza kunaungua nini. Oili ya giaboksi haina wema huo. Inaungulia chini ya gari, gizani, wewe uko juu na redio yako, na mshale wa joto la maji umetulia palepale pa siku zote. Siku harufu inapoingia ndani, mara nyingi kilichobaki ni kutafuta giaboksi ya mtumba.

Mimi nimeshaitafuta moja. Nina Subaru Forester ya turbo, otomatiki ya gia 4, hapa Kigoma. Nilimwachia fundi mmoja abadilishe haidroliki, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, nikaenda kunywa chai. Kwenye otomatiki hizi difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imeungana na giaboksi mwili mmoja, lakini ina oili yake peke yake, na bolti za kumwagia ziko jirani. Fundi akafungua bolti ya difu, akaona oili inatoka, akaridhika, kisha akarudishia haidroliki kwenye tundu la giaboksi. Nikaondoka gereji na difu kavu na giaboksi iliyojaa kupita kiasi. Siku ya tatu nikapanda mlima wa kwenda Kalinzi. Taa iliyoandikwa AT OIL TEMP ikawaka, nikasema ni waya tu, nikaendelea kukanyaga. Kabla ya kufika kwenye mashamba ya kahawa difu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga.

Ile taa huwaka wakati umeshachelewa au unakaribia kuchelewa. Nilitaka kitu kinachoniambia digrii, mapema. Hapa chini ni yale niliyojifunza kwa kufunga, kukosea na kufunga upya, kwenye gari langu na magari ya rafiki zangu hapa na Tabora.

Joto linatoka wapi

Kwenye gari la manyuo, lile la kuingiza gia kwa mkono, joto linatokana na meno kusuguana, beringi kuzunguka na oili kuchapwa. Hasara yenyewe ni asilimia chache tu. Lakini chukua injini inayotoa kilowati 150 mfululizo, asilimia 3 ikapotea kwenye meno: hizo ni kilowati 4.5, sawa na pasi nne na nusu za umeme zilizofungiwa ndani ya chuma kile. Bahati nzuri barabarani kwetu hakuna anayekanyaga kilowati 150 kwa dakika kumi. Matuta hayaruhusu, na trafiki nao wapo. Ndiyo maana gari la manyuo, hata liwe Altezza au Impreza, linateseka hasa kwenye mashindano, kwenye milima mirefu, na pale oili ilipopungua au ilipozidi. Oili iliyozidi nayo inachemsha: meno yanaichapa mpaka inatoa povu, na povu halibebi joto wala halilainishi.

Otomatiki ndiyo yenye kesi kubwa. Kati ya injini na gia kuna konveta, chungu chenye panga mbili zinazotazamana ndani ya haidroliki. Moja inasukuma oili, nyingine inasukumwa. Ukiwa kwenye lami tambarare na mwendo umekaa sawa, klachi ya ndani ya konveta inafunga, panga zinakwenda pamoja na joto linakuwa dogo. Ukipanda mlima kwa kilomita 30 au 40 kwa saa, klachi hiyo inafunguka na panga zinaanza kupishana. Injini ikitoa kilowati 60 na asilimia 15 ikaishia kwenye kupishana huko, umeshawasha pasi tisa. Mchanga na tope ni vibaya zaidi kuliko mlima, maana gari halisogei, upepo haupo, na wewe unaendelea kukanyaga D, kisha R, kisha D.

Watu wa oili wana kanuni ya kukadiria: haidroliki ikishavuka digrii 90 hivi, kila digrii 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake nusu. Usiichukue kama sheria ya mahakama, lakini inaonyesha kwa nini digrii 120 si mbaya kidogo tu kuliko 100.

Chagua njia ya kupimia kabla ya kununua chochote

Anza na kompyuta ya gari lenyewe. Otomatiki nyingi za kisasa tayari zina sensa ya joto ndani, kontrol boksi inaisoma, ila dashibodi haikuonyeshi. Ukichomeka kifaa cha OBD2, ule mfumo wa kuisoma kompyuta ya gari, kinachoongea na simu kwa Bluetooth, unaweza kuisoma bila kutoboa kitu. Shida ni kwamba kwenye lugha ya pamoja ya OBD2 joto la maji utalipata karibu kila gari, lakini joto la giaboksi kila kampuni imelipa namba zake za siri. Kwa hiyo programu ya simu lazima iwe inaruhusu kuongeza namba za kampuni husika, na lazima uzipate za modeli yako hasa. Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani: tundu la pini 16 unaweza kulikuta, lakini gari likawa haliongei OBD2. Subaru za miaka ya mwanzoni mwa 2000 zina lugha yao na zinataka kebo yake. Azima kifaa kwanza, jaribu, ndipo ununue.

Njia ya pili ni geji na sensa yake, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu, kwa sababu inafaa gari lolote na haisubiri ruhusa ya kompyuta.

Ya tatu ni ya mwenye mfuko mdogo, nami naipenda kuliko watu wanavyodhani. Multimita nyingi za bei ya chini, kama DT838, zinakuja na themokapo ya aina ya K, ule uzi wenye kitone cha chuma mwishoni. Kibandike kitone kwenye chuma cha sampu, lile bakuli la chini la giaboksi, upande usio na upepo, ukifunike kwa kipande cha kitambaa kisichoshika moto na tepu ya aluminiamu, upitishe uzi ndani ya gari. Utasoma joto la chuma, ambalo liko chini ya joto la oili, lakini mwenendo utauona: linapanda, limekaa, linashuka. Kwa wiki mbili za kuijua giaboksi yako inatosha kabisa.

Ile bunduki ya kupimia joto kwa mwanga usioonekana (infrared) inafaa kukagua ukisimama. Mambo mawili tu. Ile iliyokuwa inatupimia vipaji vya uso wakati wa korona haifai, inaishia digrii 42 au 43 hivi. Na hata ile ya viwandani inadanganywa na aluminiamu inayong'aa, inasoma joto la chini kuliko ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye sampu, acha kipate joto, kisha elekeza hapo.

Jaribu sensa jikoni

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Chukua geji, sensa, betri ya volti 12 na sufuria ya maji. Unganisha kama maelekezo ya geji yanavyosema, na kama sensa ni ya waya mmoja, funga waya mwingine kwenye mwili wa sensa uupeleke hasi ya betri. Chemsha maji mpaka yatokote kwelikweli. Tumbukiza ncha ya sensa bila kugusa kitako cha sufuria, subiri dakika mbili, soma.

Sasa sikiliza kabla hujakasirika. Maji hayachemki kwa digrii 100 kwetu. Digrii 100 ni za usawa wa bahari, yaani Dar es Salaam na Tanga. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo hapa Kigoma pembeni ya ziwa maji yanachemka kwa digrii 97 na kidogo. Tabora iko karibu mita 1,200, na huko ni digrii 96. Rafiki yangu wa Isevya alirudisha dukani sensa mbili nzima kwa sababu zilisoma 96. Ya tatu ikasoma 100, akaifunga kwa furaha. Aliyoifunga ndiyo mbovu, inazidisha digrii 4. Angalau kosa lake linamwogopesha mapema badala ya kumliwaza.

Kwa themokapo unaweza kujaribu na upande wa baridi. Nilikwenda Kibirizi kwa akina mama wanaouza samaki, nikaomba barafu. "Mwanangu, barafu ya kupima gari?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akacheka, akanipa bure. Barafu iliyopondwa, ikachanganywa na maji kidogo, inakaa digrii 0 popote ulipo, ziwani au mlimani. Geji za mshale kwa kawaida huanzia mbali na hapo, kwa hiyo kwa hizo barafu haisaidii.

Andika tofauti uliyoipata kwenye karatasi na uibandike ndani ya boksi la fyuzi. Sensa ikizidisha au ikipunguza digrii 2 au 3, ishi nayo ukijua. Ikipotea kwa 8, irudishe.

Mahali pa kuikalisha sensa

Kuna sehemu tatu za maana, na kila moja inakupa namba tofauti kwenye gari lilelile.

Bolti ya kumwagia oili ndiyo rahisi: unanunua bolti yenye tundu katikati, sensa inaingia humo. Hakuna kuchomelea. Ubaya wake ni miwili. Sensa inaning'inia chini kabisa, na barabara za vumbi zina mawe, kwa hiyo lazima uiwekee kinga ya chuma. Tena, bolti nyingi zina sumaku ya kushika unga wa chuma. Ukiitoa, umetoa na sumaku. Na hakikisha ncha inafika kwenye oili inayotembea. Ikijificha ndani ya tundu la adapta itasoma oili iliyolala, ya baridi.

Ubavuni mwa sampu ndiyo sehemu ninayoipendekeza kwa otomatiki. Sampu inafunguliwa, inatobolewa, fundi wa kuchomelea anaweka nati yenye thredi. Kama ni ya bati la chuma, fundi yeyote mzuri wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma atakuchomelea. Kama ni ya aluminiamu, tafuta anayechomelea kwa gesi ya agoni, usikubali majaribio. Pima kwanza kwa udongo wa mfinyanzi au plastisini kwamba ncha ya sensa haitagusa filta wala chombo kingine ndani. Kwa kuwa sampu imeshuka, badilisha filta na gasketi hapohapo.

Sehemu ya tatu ni kwenye mpira unaotoka giaboksi kwenda rejeta, kwa kutumia kiungo chenye matawi matatu. Hapa unasoma oili ikiwa moto zaidi, ikitoka tu kwenye konveta, na mshale unaruka haraka. Ni sehemu nzuri kwa anayekimbiza gari, lakini ukilinganisha namba zako na za mtu mwenye sensa kwenye sampu mtagombana bure. Usiweke kwenye mpira unaorudi. Huko oili imeshapozwa na itakupa habari njema kila siku.

Kuhusu thredi: sensa za Japani mara nyingi ni PT 1/8, za Marekani ni NPT 1/8. Kwa macho zinafanana, na zinaingiliana mizunguko miwili mitatu ya kukudanganya. PT ina thredi 28 kwa inchi, NPT ina 27. Ukilazimisha, utaua thredi au itavuja. Nyingine ni M10. Peleka sensa yenyewe kwa fundi anayekereza vyuma, usimpelekee maneno.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Endesha gari dakika kumi oili ilegee, kisha liache lipoe mpaka uweze kugusa sampu bila kuruka. Liweke mahali tambarare, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Ukilinyanyua kwa jaki, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jaki peke yake, hata kwa dakika moja.

2. Kabla ya kufungua pa kumwagia, legeza kwanza pa kujazia. Bolti ya kujazia ya giaboksi za manyuo ina tabia ya kukwama. Ukimwaga oili ndipo ugundue huwezi kujaza, gari limelala hapo.

3. Kabla ya kugeuza spana, hakikisha ni bolti ya giaboksi. Wenye Subaru otomatiki, mmeshasikia yangu. Haidroliki ni nyepesi na mara nyingi nyekundu au kahawia. Oili ya difu ni nzito, ya dhahabu au nyeusi, na inanuka kibiriti. Kikitoka kizito, funga haraka.

4. Mwaga kwenye chombo safi na pima umemwaga lita ngapi. Itazame oili. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Haidroliki nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana umeshachelewa kupima, lakini bora sasa.

5. Funga sensa kwa mkono mizunguko ya kwanza, kisha kwa spana, kwa kiasi. Nyumba ya giaboksi ni aluminiamu na thredi zake zinang'oka kirahisi. Weka washa mpya ya shaba kwenye bolti. Kwenye thredi ya sensa tumia gundi ya maji ya kuzuia kuvuja, kidogo, usifunge tepu nyeupe nyingi. Sababu inakuja sasa hivi.

6. Rudisha oili ya aina sahihi, kwa kiasi kilekile kilichotoka, halafu rekebisha kwa kupima. Kwa manyuo, gari likiwa tambarare, oili inafika mdomoni mwa tundu la kujazia na kuanza kuchuruzika. Magari mengi ya manyuo yanataka oili ya daraja la GL-4, kwa sababu dawa zilizomo kwenye baadhi ya GL-5 zinakula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Subaru ya manyuo ni tofauti: giaboksi na difu ya mbele vinatumia oili moja, na kiwanda kinataka GL-5, 75W-90. Fuata kitabu cha gari, usifuate kibanda cha oili. CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina oili yake. Usiiwekee haidroliki ya kawaida.

Kwa otomatiki, kiwango hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto maalumu, na hapa geji yako inaanza kukulipa. Alama ya HOT kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) za Toyota na Subaru nyingi imewekwa kwa ajili ya oili ya digrii 70 mpaka 80. Ukipima ikiwa 100 oili imevimba, utadhani imejaa. Ukipima ikiwa 40 utaongeza, na kesho itakuwa imezidi. Toyota zisizo na dipstiki hupimwa kwa bolti ya kumwagikia, ile inayotoa oili iliyozidi, oili ikiwa kwenye digrii 35 mpaka 45 hivi kutegemea modeli. Bila kujua joto, watu wanakisia tu.

Waya

Umeme wa geji uchukue kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwa ON, kupitia fyuzi ndogo, ya ampia 3 au 5. Taa ya geji ichukue kwenye taa za dashibodi. Waya wa sensa upitishe mbali na eksozi na propela shafti, uuvishe mrija wa kuzuia joto, na pale unapopenya kwenye bodi weka mpira, vinginevyo bati litaukata taratibu.

Jambo lenyewe la kushika hapa ni hasi. Sensa nyingi za joto hupunguza ukinzani wa umeme kadiri zinavyopata moto. Geji ikiona ukinzani mkubwa inasema kuna baridi. Sensa ya waya mmoja inapata hasi kupitia mwili wa giaboksi, kwa hiyo thredi ikifungwa tepu nyingi, au waya wa bodi ukiwa na kutu, ukinzani unaongezeka na geji inasoma baridi kuliko ukweli. Ubovu wake unakufurahisha. Kwenye Mark X ya jirani yangu geji ilikaa 70 mlima wote wa Manyovu, akajisifu wiki nzima. Tulipofunga waya mmoja kutoka mwili wa giaboksi hadi hasi ya betri, safari ileile ikatoa 101. Tangu hapo geji inayonipa amani sana ndiyo ninayoikagua kwanza. Ukiweza, nunua sensa ya waya mbili.

Wiki mbili za daftari

Usitafute namba nzuri bado. Tafuta kawaida ya gari lako. Daftari liwe na muda, mahali, hali ya hewa, joto la maji, joto la giaboksi, na ulikuwa unafanya nini. Anayekaa pembeni yako ndiye aandike.

Chagua njia mbili usizozibadilisha. Moja tambarare: kwa walio Tabora, lami ya kwenda Urambo inatosha, mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila kuchachawa. Nyingine ya mlima: sisi wa Kigoma tunatoka Mwandiga tunapanda barabara ya Manyovu mpaka Kalinzi. Pita njia hizo asubuhi na mchana, ukiwa peke yako na ukiwa na mzigo. Kama ni Tabora, rudia mwezi wa kumi, kabla ya mvua, jua likiwa limekaa utosini.

Utaona kwamba giaboksi inachelewa. Maji yanafika joto lake ndani ya dakika chache, oili ya giaboksi inaweza kutaka kilomita 15 au 20. Kwa hiyo anayewasha gari na kulikimbiza kwa sababu mshale wa maji uko katikati anaikimbiza giaboksi ya baridi. Kwenye manyuo utalisikia: gia ya pili inakwaruza asubuhi, mchana inaingia kama siagi.

Kuzisoma namba

Kwa otomatiki, sensa ikiwa kwenye sampu, digrii 75 mpaka 95 ni nyumbani. Kati ya 95 na 105 uko mlimani au umebeba. Sina wasiwasi kama inashuka nikifika tambarare. Ikifika 110 napunguza. Kwenye 120 natafuta pa kuegesha. Ikigusa 130, hata kama gari linaendelea vizuri, haidroliki hiyo naimwaga wiki hiyohiyo, maana sili zinaanza kukakamaa na klachi za ndani kuteleza. Sensa ikiwa kwenye mpira wa kutoka, ruhusu namba za juu zaidi kwa muda mfupi.

Manyuo yenye oili nzuri ya sintetiki inavumilia zaidi. Barabarani utaona 60 mpaka 95. Ukiisukuma, 110. Kwenye 120 ipumzishe, 130 simama.

Lakini namba ninayoiamini kuliko zote ni pengo kati ya oili na maji. Otomatiki nyingi hupozwa ndani ya rejeta, kwa hiyo kwenye tambarare oili inafuatana na maji. Kwa Forester yangu pengo ni digrii 5 hivi. Siku likifika 15 au 20 kwenye njia ileile, mzigo uleule, kuna kitu: oili imepungua, njia ya kupozea imeziba, au klachi ya konveta haifungi. Angalia na tundu la kupumulia juu ya giaboksi. Vumbi letu linaliziba, shinikizo linapanda na sili zinaanza kutoa jasho.

Mshale ukipanda

Punguza mguu. Mlimani toa D, weka 2, ili injini izunguke zaidi na konveta ipishane kidogo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaiacha D ihangaike kati ya gia mbili. Zima AC. Ikiendelea kupanda, tafuta mahali salama pa tambarare, weka N au P, hendibreki, fungua boneti, na usizime injini: pampu inahitaji kuendelea kuizungusha oili kwenye rejeta. Langu linashuka kutoka 110 hadi 95 kwa dakika sita au saba. Kama linapanda hata likiwa limesimama, hapo zima, na upige simu.

Usimwagie maji giaboksi ya moto. Vilevile usiingize gari lililochemka kwenye dimbwi refu. Hewa ya ndani ikipoa ghafla inajivuta, na kama tundu la kupumulia limezama, inavuta maji. Haidroliki iliyoingia maji inakuwa kama maziwa ya sitroberi.

Ukikwama kwenye mchanga, jaribu mara tatu, kisha angalia geji. Chimba, weka matawi, omba vijana wasukume.

Kama baada ya haya yote mlima unakupeleka 115 kila safari na gari ni zima, funga kipozeo cha ziada. Oili ipite rejeta kwanza, kisha kipozeo, kisha irudi. Kujua mpira upi unatoka, washa gari likiwa la baridi, weka gia kwa dakika mbili huku umeshika breki, kisha gusa yote miwili, au ibandike tepu nyeusi uelekeze bunduki hapo: unaotangulia kupata moto ndio unaotoka. Tumia mipira ya oili, usitumie ya maji. Ya maji inalainika na kupasuka. Kwangu kipozeo kilishusha mlima wa Kalinzi kutoka 112 hadi 98.

Baada ya kilomita 500 ingia chini, angalia kama sensa imetoa jasho na kama waya haujaliwa. Mara moja kwa mwaka, ukimwaga oili, itoe sensa uirudishe kwenye sufuria: 97 Kigoma, 96 Tabora.